Kila mtu kamanda, sasa nani anaamrisha?

Mtwara siku hizi ukishuka tu stendi ya Mkanaledi umeshakuwa kamanda. Bodaboda anakuita kamanda, anayegombea kukubebea begi anakuita kamanda, muuza maji naye kamanda. Mimi mwanamke, nimevaa dera langu na mtandio, bado naitwa "kamanda twende Ligula, buku tu". Sina ugomvi nao, mtaa una lugha yake na riziki ni riziki. Ila mi hili neno nililipata kwa jasho, na kwa vile nimekutana nalo sehemu tofauti tofauti, jeshini kidogo, ghalani sana, na nyumbani kwa babu huko Nyangao, kila nikilisikia najikuta nauliza moyoni, kamanda wa nani? Nani yuko chini yake, na akiharibu nani anamwita usiku akajieleze?

Nianzie Nachingwea. Nilikwenda JKT kwa mujibu wa sheria baada ya fomu siksi, ule utaratibu uliosimamishwa 1994 ukarudishwa 2013, kwa hiyo wengi wetu hatukuwa na kaka wala dada wa kutusimulia kukoje. Waliokuwepo wa kuulizwa ni wazee, na wazee wetu bana ukiwauliza habari za depo utadhani wao ndo walimtoa Idi Amin peke yao. Tukafika tumechoka na vumbi, tukanyolewa, tukagawiwa hanga, yaani bweni la kulala, tukapangwa kombania na platuni, na kuanzia hapo wewe ni kuruta na kila anayepita mbele yako ni afande. Mpishi afande, dereva afande, anayegawa viatu afande. Siku za mwanzo kuruta hajui vyeo, anajua tu kuna wa kumkimbia na kuna wa kumkimbia zaidi.

Kilichonifungua akili ni kwata, yale mazoezi ya gwaride. Mtu ambaye hajapita kule akiangalia gwaride la tarehe 9 Desemba kwenye TV anafikiri ile sauti ni ukali tu, mtu kakasirika anapiga kelele. Amri ya gwaride ina vipande viwili na kila kimoja kina kazi yake. Cha kwanza kinavutwa, "mguuuuu", hapo hufanyi kitu, unajikaza tu maana unajua kuna jambo linakuja. Halafu kuna kimya. Halafu cha pili kinakatwa kifupi, "sawa!", na hapo ndo viatu vyote vinapiga chini mara moja. Mbele, tembea. Nyuma, geuka. Na mkiwa mnatembea ni kazi zaidi, kwa sababu kile kipande cha mwisho lazima kidondoke kwenye mguu wake, ukikiwahisha au ukikichelewesha nusu ya watu wanasimama na nusu wanaendelea, wa nyuma wanakanyaga visigino vya wa mbele, platuni nzima inakuwa kama kuku waliomwagiwa maji.

Kulikuwa na jamaa mmoja wa Liwale ana sauti nzito ajabu, ukimsikia unasema huyu kazaliwa kuongoza jeshi. Akapewa platuni aitembeze. Sauti ikatoka, miti ikatikisika, na sisi tukagongana. Sajenti wetu wa kike, mama mmoja mwembamba hivi hacheki hovyo, akamwacha arudie, tukagongana tena. Akamwambia kwa upole kabisa, "Wewe unapiga kelele nzuri sana. Sasa nataka amri." Hanga zima usiku huo tulikuwa tunaigiza hayo maneno.

Zamu yangu ikafika. Sauti yangu mimi nyembamba, ya kuimbia kaswida. Nilichokifanya ni kuangalia miguu, maana nilikuwa nimeshaona kwa wenzangu tatizo liko wapi. Nikavuta ile ya kwanza, nikasubiri, nikakata ya pili mguu unapogusa chini, wakasimama. Tukaendelea hivo mpaka jasho likanitoka masikioni. Tulipomaliza yule sajenti akaniita pembeni nikadhani nasifiwa, kumbe ananipa darasa. Akasema hii platuni nilikupa kwa muda huo, na kwa muda huo wote walikuwa wako. Angeanguka mtu kwa kuzidiwa na jua ningekuuliza wewe kwanza, siyo yeye aliyeanguka. Na mimi kapteni angeniuliza mimi, asingekuuliza wewe, wewe hakujui. Halafu akaniambia nenda kanywe maji, mwambie na yule wa kulia mstari wa pili naye anywe, midomo imemkauka.

Hapo kwa kulia mstari wa pili ndo nilipokwama. Mimi nilikuwa nimesimama mbele nawaangalia watu wote wale uso kwa uso na sijaona midomo ya mtu. Yeye alikuwa pembeni kwenye kivuli na kaona.

Darasani nako kulikuwa na kipindi cha mambo ya uongozi wa jeshi, mchana, wali na maharage yako tumboni, usingizi unaua. Lakini afande aliyekuwa anafundisha alikuwa na mbinu, anamwamsha mtu kwa swali. "Wewe! Amiri Jeshi Mkuu ni nani?" Kuruta anaruka, "Mkuu wa Majeshi afande!" Basi hapo ni pushapu. Kwa sababu hivo ni vitu viwili na hata magazeti wakati mwingine yanavichanganya, acha mitandaoni. Amiri Jeshi Mkuu ni Rais, Katiba ibara ya 33 imesema wazi kwamba Rais ni Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu, vyeo vitatu mtu mmoja. Mkuu wa Majeshi ni mwanajeshi, jenerali, anateuliwa na huyo huyo Rais, na ndiye anayeliongoza jeshi siku kwa siku. Chini yake kuna kamandi, ya nchi kavu, ya wanamaji, ya anga, kila moja na mkuu wake. Chini ya hapo brigedi, vikosi, kombania, platuni, mpaka unafika sekisheni ya watu wachache inayoongozwa na koplo. Na kila ngazi hiyo kuna mtu mmoja. Afande alikuwa anarudia mpaka inachosha, mmoja, mmoja, mmoja. Hakuna platuni yenye wakubwa wawili wa sawa sawa. Mnaweza kushauriana mpaka kesho ila anayesema "sasa" ni mmoja, na huyo mmoja ana mmoja wake juu.

Mtu akauliza, na Amiri Jeshi Mkuu juu yake nani? Tukategemea pushapu nyingine. Afande akasema swali zuri, juu yake kuna Katiba, maana madaraka yenyewe ya kuyaamrisha majeshi yameandikwa humo, ibara ya 148, kayasome. Wengi hatukwenda kuyasoma. Mimi niliyasoma miaka kadhaa baadaye kwa sababu ya korosho, nitafika huko.

Alitusimulia pia ya 1964. Hii stori nyumbani sikuwahi kuisikia vizuri, nilikuwa nasikia tu "maasi ya jeshi" basi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari wanajeshi wa Tanganyika Rifles pale kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakawakamata maofisa wao, ambao wengi walikuwa Waingereza, wakasema wanataka mishahara iongezwe na Waafrika washike nafasi za juu. Nchi ina uhuru miaka miwili na kitu na jeshi bado linaamrishwa na Mwingereza, ukifikiria siyo ajabu kwamba ilifika pale. Nyerere ikabidi awaombe hao hao Waingereza msaada, tarehe 25 wakateremka wanamaji wao wakawapokonya silaha waasi. Jeshi lile likavunjwa lote, na tarehe 1 Septemba mwaka huo huo ikaundwa JWTZ. Afande akasema angalieni, siku ile bunduki zilikuwepo, maofisa walikuwepo, vyeo mabegani vilikuwepo, amri zikatolewa na hakuna aliyesikia. Akanyamaza. Mtu mmoja nyuma akakoroma, tukacheka, somo likaisha hivo.

Sasa korosho. Mwaka 2018 nilikuwa karani wa mizani kwenye chama kimoja cha msingi huko Tandahimba. Aliyekuwepo kusini msimu ule hahitaji kusimuliwa, minada ilikwama, bei walizoleta wanunuzi wakulima wakazikataa, mzigo umejaa ghalani mpaka kwenye veranda, na usiku kangomba, walanguzi wa korosho, wanapita na pikipiki wananunua kimya kimya kwa watu wenye shida ya ada na sare za watoto. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi ndilo litakalosomba. Sisi pale ghalani tukaangaliana. Mzee mmoja mkulima akasema, "Haya, korosho nazo zimeenda vitani."

Magari yakaja. Makubwa, ya kijani, yanarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, kijana anamwelekeza dereva kwa mkono bila kupayuka. Wakashuka wakajipanga. Nikiri hapo kidogo nilijisikia miguu inataka kusimama mguu sawa yenyewe, yale mambo hayatoki mwilini.

Meneja wetu wa chama alikuwa mzee wa heshima zake, mkulungwa kabisa, miaka yote amezoea kuwaelekeza makuli, "hayo kwanza, hayo acha". Akamfuata praiveti mmoja aliyekuwa karibu na rundo la ukutani akamwambia we kijana, anza na haya hapa yamekaa muda mrefu. Yule kijana akasimama vizuri, akasema, "Shikamoo mzee. Nimekusikia, ila naomba umwambie afande wangu pale." Meneja akageuka kumtafuta huyo afande, akitegemea kuona mtu mwenye kitambi, akamkuta luteni usu, mtoto mdogo, ndevu hazijakamilika, ameshika daftari. Meneja akanirudia mimi kwa kunong'ona, "Huyu ntoto ndo nkubwa wao?"

Ndiyo, huyu huyu. Na kilichonifurahisha mimi niliyekaa kwenye kiti cha mizani siangalii simu ni kwamba pembeni ya huyo kijana alikuwepo sajenti mwenye mvi, mtu ambaye ukimwona tu unajua amekula chumvi nyingi jeshini, na yule sajenti anamwita kijana "afande". Wazo la meneja likafika kwa luteni usu. Sajenti akasogea karibu, kwa sauti ya chini, mimi nimesikia kwa sababu nilikuwa hatua mbili tu, akasema afande, tukianza na ya ukutani njia itaziba, tungeanza na ya mlangoni halafu hayo ya mzee tuyaweke juu yatangulie kushuka kule mbele. Kijana akaangalia ukuta, akaangalia mlango, akasema sawa, mlangoni kwanza, kisha akamfuata meneja mwenyewe kumweleza kwa nini. Sajenti akageukia askari akatoa amri kwa sauti kubwa, kavu, na ukisikia hutajua hata kidogo wazo lilikuwa la nani. Lilikuwa lake, akampelekea mkubwa wake, likarudi kwake likiwa amri.

Upande wetu sasa. Sisi raia pale tulikuwa na mwenyekiti wa chama, meneja, mhasibu, afisa wa ushirika kaja na gari, mtendaji wa kijiji, na wajumbe wa bodi wawili ambao sijui walifuata nini. Kila mmoja anasema. "Karani andika hivi." "Karani acha kwanza." "Karani nani kakwambia?" Magunia yanapita kwenye mizani mimi naamrishwa na midomo saba. Nikikumbuka lile darasa la mchana Nachingwea, mmoja mmoja mmoja, nacheka peke yangu.

Gari la pili lilipojaa hesabu zikapishana. Daftari langu linasema gunia moja zaidi ya walilopakia. Kwa kawaida pale kwetu hapo ndo unaanza mchezo tunaoujua wote, kuli anamtupia dereva, dereva anamtupia karani, karani anasema mimi naandika ninachoona, mwisho gunia linakatwa kwenye malipo ya mtu ambaye hayupo. Wajumbe walishaanza, "aah gunia moja tu, andikeni linganeni". Luteni usu akauliza swali moja, karatasi ya kupokea nasaini mimi? Wakasema ndiyo. Akasema basi shusheni tuhesabu upya.

Lori zima! Jua la saa nane! Askari hawakusema kitu, ila nyuso zilisema. Wakashusha, yeye mwenyewe kavua shati la juu anahesabu na sisi, gunia likapasuka mdomo, kijana mmoja akaomba shazia na kamba kwa mlinzi wetu, mlinzi akainuka kwenda kuchukua, na alipoinuka ndo tukaona. Alikuwa amelikalia. Gunia kaligeuza kiti nyuma ya mizani tangu asubuhi, kalifunika na koti lake.

Watu wakacheka mpaka machozi, isipokuwa sajenti, ambaye alimwangalia yule mlinzi muda mrefu halafu akasema tu, "Mzee, kitambulisho chako ni cha ulinzi au cha kupumzika?" Wakapakia upya. Luteni usu akasaini.

Siku zile vijiweni watu walibishana sana jeshi linahusikaje na korosho, kazi ya jeshi ni mipaka. Hapo ndo nikaenda kuitafuta ile ibara ya 148 kwenye simu. Na kweli imo, madaraka ya Amiri Jeshi Mkuu yanajumlisha kuyaamrisha majeshi kwenye shughuli za ulinzi, kuokoa maisha na mali wakati wa dharura, na shughuli nyingine ambazo yeye ataona zinafaa, ndani au nje ya nchi. Hayo maneno ya "nyingine" ni mapana, unaweza kupitisha humo lori la korosho na likabaki na nafasi. Kama ilikuwa busara au haikuwa, hiyo ni mada nyingine na kila mtu wa kusini ana jibu lake kutegemea alilipwa lini. Mimi nilichopenda ni kwamba wale vijana pale ghalani hawakuwa na mjadala huo kabisa. Amri ilitoka juu kabisa ikashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa praiveti aliyekataa kuamrishwa na meneja wangu kwa adabu zote.

Lakini nisije nikaonekana nalisifia jeshi tu, maana neno hili lina upande mwingine na huo nilipewa na babu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Mmwera wa Nyangao. Kwetu sisi mnajua, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba akisema amesema, baba mwenyewe anasubiri. Babu alipenda kusimulia vita ya Mjerumani na Mwingereza ambayo baba yake ilimpitia mgongoni, na nasema mgongoni kwa sababu alikuwa mpagazi. Ukitoka Lindi kwenda Masasi unapita Mtama, unapita Nyangao, watu wako kwenye basi wanakula mihogo, wengi hawajui kwamba hapo Mahiwa katikati ya mwezi Oktoba 1917 ilipigwa moja ya vita kali kuliko zote za Afrika Mashariki. Upande mmoja von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na askari wake, upande mwingine jenerali Beves wa Waingereza, ambaye jeshi lake lilijaa Wanigeria. Yaani Waafrika kwa Waafrika, wanaamrishwa kwa Kijerumani na Kiingereza, kwenye mashamba ya Wamwera. Beves akawa anawasukuma watu wake mbele moja kwa moja kwenye bunduki za rashasha tena na tena, wakaanguka kwa mamia na mamia. Kwenye vitabu von Lettow ndiye aliyeshinda pale, ila risasi zilikuwa zinamwishia na hakuweza kubaki, mwezi uliofuata tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji.

Na huyu jamaa ni mfano mzuri wa kitu kingine. Vita ya dunia iliisha tarehe 11 Novemba 1918, yeye alikuwa huko ndani porini hana habari, anaendelea na vita yake. Alikuja kusalimu rasmi tarehe 25 Novemba huko Abercorn, ambayo siku hizi ni Mbala, Zambia. Wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya. Kamba kati yake na wakubwa wake ilikatika, na kamanda ambaye habari za juu hazimfikii anaendelea na amri ya mwisho aliyonayo.

Babu hakuwa anajua hayo majina ya Wazungu, na hakuwa na haja nayo. Yeye alikuwa anajua baba yake alibeba sanduku ambalo hakuruhusiwa kulifungua, kwamba mwenzake wa kijiji kimoja alikufa kwa tumbo la kuhara njiani wakaambiwa sanduku lake ligawanywe, na kwamba waliporudi hakuna aliyewauliza majina. Wapagazi walikufa maelfu kwa maelfu vita ile, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa hao, ila jina la mpagazi mmoja mmoja utalipata wapi. Nilikuwa namuuliza babu, kamanda wao alikuwa nani? Ananijibu, "Wa kutupa mzigo walikuwepo wengi. Wa kutuuliza tumekula hakuwepo." Nikimlinganisha na yule mama sajenti wa Nachingwea aliyeona midomo imekauka mstari wa pili naona wote wawili walikuwa wanaongelea kitu kimoja, mmoja alikipata kambini na mwingine alikikosa kwa urithi.

Huku Lindi kuna vita nyingine iliyonisumbua kichwa, Majimaji. Ilianza Julai 1905 Umatumbi, watu wa Nandete waling'oa pamba, na Wajerumani wakamkamata mganga Kinjikitile wakamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti wakidhani wamekata kichwa. Vita ikaendelea mpaka 1907. Kwa hesabu ya kijeshi walifanya sahihi, umemwondoa kiongozi, jeshi linavunjika. Tatizo hapakuwa na jeshi la kuvunjika. Kinjikitile alitoa dawa na neno, siyo amri, na kila sehemu walikuwa na viongozi wao wa vita. Kule Ungoni walikuwepo manduna, hao ndo makamanda haswa, wana vikosi na wana mkuu wao. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema Kinjikitile alikuwa "kamanda wa Majimaji" nabisha kidogo. Sipunguzi heshima yake, nasema alikuwa kitu kingine, na pengine kikubwa zaidi.

Na siasa nazo zimelichukua neno. Chadema wanaitana makamanda, CCM nao umoja wa vijana walikuwa na makamanda wao, polisi mkubwa wa mkoa kwenye taarifa ya habari ni kamanda, hapo sawa maana ana askari kweli na ana IGP, mkuu wa polisi wa nchi, juu yake. "Jemadari" limebaki la kusifia, ukilisikia ujue kuna mtu anazindua daraja. Zamani lilikuwa cheo cha kazi, wale Wabaluchi waliolinda miji ya pwani wakati wa Sultani mkuu wao aliitwa jemadari. Na akida, ambaye asili yake ni kiongozi wa askari, Mjerumani akamgeuza mkusanya kodi, basi mpaka leo wazee wa Kilwa ukimwita mtu akida anaangalia nyuma kama kuna anayekuja na daftari.

Mwaka jana hapa mtaani kwetu tuliibiwa sana, wezi wanavunja madirisha mchana kweupe. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao cha ulinzi shirikishi chini ya mwembe wa shule. Vijana wakajitokeza wengi, safi, na pendekezo la kwanza likawa tuchague makamanda. Wangapi? Mtu akasema watatu, mmoja kila upande. Mwingine akasema watano ili wasichoke. Vijana wanne wakasimama hapo hapo kwamba wao wako tayari ukamanda, aliyejitokeza kulinda tu bila cheo hakuwepo.

Nikaomba kunena. Nikauliza, dirisha likivunjwa zamu ya Jumanne usiku, mwenyekiti atagonga mlango wa nani Jumatano asubuhi? Nataka jina moja. Kimya. Wakaanza, inategemea upande gani, inategemea zamu, tutashirikiana. Nikasema hapana, jina moja, na huyo jina moja kesho akiharibu nani ana uwezo wa kumtoa? Mzee mmoja mstaafu wa JWTZ aliyekuwa amekaa nyuma kabisa na fimbo yake akagonga chini mara mbili, "Huyo binti amepita wapi?" Nikamwambia Nachingwea, mzee. Akasema, "Inaonekana."

Basi ikachukua karibu saa nzima kupunguza makamanda kutoka watano kwenda mmoja, kelele nyingi kuliko siku ya uchaguzi. Wale vijana wanne waliposikia kwamba mwenye jina ndiye atakayegongewa mlango, na kwamba atatoa taarifa kwa mwenyekiti kila Jumamosi, na kwamba posho hakuna, watatu wakakaa. Akabaki mmoja, fundi pikipiki, kijana mtulivu. Mwenyekiti akamuuliza unakubali? Akajikuna kichwa, akasema anakubali, ila asiandikwe kwanza mpaka akamuulize mjomba wake.